Matembezi ya Omani na Suala la Mbwamaji

Katika mambo ambayo wasomaji wetu hutuuliza mara kwa mara limo hili: je, yafaa Mwislamu mwenye kipato cha kadiri atoe fedha zake, aende na watu wa nyumba yake kutembea nchi ya mbali kwa ajili ya kupumzika tu? Wako waonao kuwa hayo ni mambo ya matajiri. Wako waonao kuwa ni israfu iliyo wazi. Na vijana wetu, kwa picha wanazoziona kila siku katika simu zao, wamekaribia kuamini kwamba asiyepanda ndege hajaishi. Jambo hili limetufika nyumbani kwetu, hapa Kigamboni. Basi tumeona ni vyema tulieleze kama lilivyokuwa, faida yake na fedheha yake, huenda likamfaa mwenye nyumba mwingine.

Mwenyezi Mungu ametuhimiza katika Kitabu chake, wala si mara moja, tutembee katika ardhi na tutazame mwisho wa waliokuwa kabla yetu. Hatukuambiwa tutembee, tule, tulale, turudi. Kutembea huko ni kutazama, na kutazama ni kuzingatia. Hiyo ndiyo mizani tuliyoondoka nayo, na ndiyo iliyotupima sisi wenyewe mwishoni.

SABABU YA SAFARI

Mama yetu mzazi, ambaye umri wake umepindukia miaka 70, ana dada mmoja tu aliye hai. Wote wawili wamekulia Unguja kwa watu wa mama yao. Ama baba yao alikuwa mtu wa Mbwamaji, pwani hii hii ya Kigamboni, akifanya biashara ya nazi kwa mashua baina ya huku na Unguja, na huko Mbwamaji ndiko alikozikwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 jamaa nyingi za Unguja zilitawanyika. Na Sultan Qabus bin Said aliposhika ufalme wa Omani tarehe 23 Julai 1970, aliwaita wenye asili ya nchi hiyo waliokuwa ng'ambo warudi kuijenga, na wengi wa pwani yetu wakaenda. Mama yetu mkubwa alikuwa ameolewa na mtu wa asili hiyo, akafuatana na mumewe. Mama yetu akaolewa Dar es Salaam. Tangu mwaka 1988, mkubwa alipokuja kwa msiba, hawakuonana tena uso kwa uso.

Fedha tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kumalizia ukuta na vyumba viwili vya kupangisha. Watoto waliposikia neno Omani, walikimbilia kuzitazama picha za hoteli. Bibi yao akawaambia, "Mimi hoteli sina haja nayo. Nataka nimwone dada yangu kabla mmoja wetu hajafukiwa." Tukanyamaza sote.

Tulikwenda kumwuliza sheikh wa msikiti wa mtaani kwetu, kwani mama alikwisha kuhiji lakini sisi wenyewe bado. Akatujibu kwa maneno machache: "Kumpeleka mama kwa dadaye ni ibada. Hoteli ni mubaha. Basi mubaha usiile ibada, na yote mawili yasiile Hija." Tukapiga hesabu upya. Zaka ikatolewa, fungu la Hija likawekwa pembeni lisiguswe, wala hatukukopa hata shilingi. Vyumba vya kupangisha vikabaki bila ya paa. Siku za hoteli zikawa 2, na siku 8 zilizobaki zikawa za nyumbani kwa mama mkubwa.

NJIANI

Tuliondoka mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Tulivuka kwa Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, tukielekea kiwanja cha ndege. Kwa mwenye kutaka kwenda Omani, wakati ulio mzuri ni tangu Oktoba hata Machi, kwani jua la kiangazi la huko hupita nyuzi 40 za joto na mtoto mdogo hawezi kutembea mchana. Mwenye nia na aulize ubalozi wa Omani ulioko Dar es Salaam mapema juu ya viza na vyeti, asitegemee maneno ya barazani.

Baina ya Dar es Salaam na Maskati ni karibu kilomita 4,000, nayo ndege huzipita kwa saa 5 na kitu. Saa ya Maskati imetangulia yetu kwa saa 1. Mama alikaa dirishani na tasbihi mkononi. Alitukumbusha kwamba katika utoto wake majahazi ya Waarabu yalikuja Unguja na pepo za kaskazi, yaani majira hayo hayo tuliyosafiri, yakangoja mpaka kusi ianze ndipo yakarejea kwao. Mtu alikuwa akiagana na jamaa zake kwa miezi. "Na sisi," akasema, "tulikuwa na ndege ya saa 5, tukaagana kwa miaka zaidi ya 30." Hakusema kwa kulaumu, walakini neno lile tulilisikia safari nzima.

MASKATI

Mwenye kuizoea Dar es Salaam ya leo, penye maghorofa yanayoshindana kwenda juu, huingia Maskati akashangaa kwa kutoyaona. Majumba ni meupe, au yana rangi ya mchanga, na aghalabu si marefu. Sheria za ujenzi za mji zimeyazuia yasipite kiasi, na milima ya mawe meusi iliyo nyuma yake ndiyo mirefu kuliko yote. Barabara ni pana na safi. Mbele ya jumba la kifalme zimesimama ngome mbili juu ya miamba, Jalali na Mirani, zilizojengwa na Wareno katika karne ya 16. Wareno waliondoshwa mji huo mwaka 1650, nazo ngome zimebaki mahali pake mpaka leo.

Hoteli yetu ilikuwa kando ya bahari. Hatutaidharau, maana neema isidharauliwe: vitanda vilikuwa laini, vyakula vya kila namna, na hodhi la kuogelea ambalo watoto hawakutaka kutoka. Twawaonya wasomaji mambo mawili tu. La kwanza, Omani ni nchi ya Kiislamu, nyama yake ni halali na adhana husikika kila upande, lakini baadhi ya hoteli kubwa huuza ulevi kwa wageni. Basi mtu na aulize kabla ya kulipa, zipo hoteli zisizouza. La pili ni bei. Usiku mmoja pale ulikuwa sawasawa na karo ya muhula ya mmoja wa watoto wetu. Siku ya pili jioni binti yetu mdogo, nywele zake zingali zikichuruzika maji, alituuliza, "Omani yenyewe iko wapi?" Tukatambua kwamba tulikuwa tumekwisha kulipia siku 2 hatujaiona.

Siku iliyofuata tuliingia Msikiti Mkuu wa Sultan Qabus, uliofunguliwa mwaka 2001. Pamoja na viwanja vyake waweza kuchukua watu 20,000. Zulia la ukumbi wake mkuu lina urefu wa mita 70 na upana wa mita 60, uzito wake ni tani 21, na wanawake wapatao 600 wa Irani walilifuma kwa mikono yao kwa muda wa miaka 4. Mama alivua viatu, akainama, akalipapasa kwa kiganja, kisha akauliza kama majina ya wanawake wale yameandikwa mahali popote. Hatukuweza kumjibu. Aliyeujenga msikiti huo alifariki tarehe 10 Januari 2020, na aliyeshika nafasi yake ni Sultan Haitham bin Tariq.

Alasiri tulikwenda soko la Matrah, ambalo vichochoro vyake vilitukumbusha Mji Mkongwe: ubani, fedha, vitambaa, kofia zilizodariziwa. Hapo msichana mmoja alitusikia tukisemezana, akasimama ghafla kama aliyeitwa kwa jina. Akamwamkia mama, "Shikamoo, bibi." Alikuwa mtoto wa Mbagala, aliyekuja kufanya kazi za nyumbani, na siku ile alikuwa amepewa ruhusa. Tulidhani atatuuliza khabari kubwa za nchi. Alituuliza, "Pantoni ya Kigamboni bado inajaa jioni kama zamani?" Tulipomwambia yajaa, alicheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Alitupa furushi dogo tumpelekee mama yake, na tulilifikisha.

Tumemtaja binti huyo kwa sababu wako wengi kama yeye. Mwenye kwenda Omani kwa mapumziko asisahau kwamba wako wa mitaa yetu waliokwenda huko kwa riziki. Kati yao wako waliopata wema, na wako waliodhulumiwa ujira wao na kunyang'anywa pasi zao za kusafiria. Wazazi wenye kumwachia binti kwenda kazini ng'ambo na wasome mkataba kabla ya kumpa idhini, wahakikishe pasi itakaa mikononi mwake, na wajue njia ya kuufikia ubalozi wetu ulioko Maskati. Na mtalii akikutana naye, asimpite kama hakumwona.

NIZWA NA MAJI YA FALAJI

Kutoka Maskati mpaka Nizwa, mji wa kale wa Maimamu, ni mwendo wa saa 2 hivi kwa motokaa. Mjukuu wa mama mkubwa ndiye aliyetuchukua.

Ngome ya Nizwa ilijengwa katikati ya karne ya 17 na Imamu Sultan bin Seif wa ukoo wa Yaarubi, naye ndiye aliyewatoa Wareno Maskati. Buruji lake ni la duara, upana wake wapita mita 30, na sehemu ya chini imejazwa udongo ili ukuta usitikisike kwa mizinga. Mwanawe, Seif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliichukua Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Watoto wetu, ambao somo hilo wamelisoma darasani kwa kulikariri, walisimama kimya walipotambua kwamba nyumba ya waliofika Mombasa ndiyo hii waliyomo.

Kilichowapendeza zaidi ni ghala ya tende. Sakafu yake imechongwa mifereji. Magunia ya tende hupangwa juu yake, na kwa uzito wake asali huteremka ikakusanyika mtungini. Asali hiyo ilikuwa chakula wakati wa amani. Adui alipofika mlangoni, ilichemshwa ikamwagwa kichwani mwake kutoka katika matundu ya juu. Mwanetu wa kiume aliyatafuta matundu yote, akayahesabu.

Lakini kwetu sisi, watu wa Kigamboni, ambao tumekaa foleni na madumu, na visima vyetu vingine hutoa maji ya chumvi, kitu kikubwa kilikuwa falaji. Falaji ni mfereji uanziao kwenye kisima cha mama chini ya mlima, nao hupitishwa chini ya ardhi kwa mteremko mdogo mno, maji yakaja yenyewe pasipo mashine mpaka mjini. Yanapotokeza kwanza ni ya kunywa. Kisha hupita msikitini kwa udhu. Kisha mahali pa kuogea. Na mwisho huingia mashambani. Kila mwenye shamba ana zamu yake, ambayo zamani ilipimwa mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa na usiku kwa nyota. Omani ina falaji zaidi ya 3,000 zingali zikitiririka, na mwaka 2006 tano katika hizo ziliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Tuliiona mojawapo, Falaji ya Khatmein, pale Birkat al-Mauz, ambapo maji hugawanyika mikondo mitatu sawasawa. Mzee aliyekuwa akitawadha hapo alituambia kwa Kiarabu, naye kijana wetu akatufasiria, kwamba maji hayana tajiri, yana zamu.

Juu ya kijiji hicho yapanda njia ya Jebeli Akhdhar, mlima wenye komamanga na mawaridi ambayo wanakijiji huyakamua marashi kila mwaka mwezi wa Aprili. Siku hizi ukingoni mwake zimesimama hoteli za anasa ya juu kabisa. Hatukulala huko. Tulikunywa kahawa chungu kwa tende katika nyumba ya udongo iliyotengenezwa upya, tukatazama mabonde, nayo haikutugharimu ila kidogo.

Jirani na Nizwa iko ngome ya Bahla, yenye kuta za udongo. Iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikatiwa katika orodha ya mahali palipo khatarini, kwani kuta zilikuwa zikiporomoka kila mvua inyeshapo. Ilitengenezwa kwa miaka mingi kwa udongo na ufundi ule ule wa kale, mpaka mwaka 2004 ikatolewa katika orodha hiyo. Na mwaka huo huo wa 2004, ndugu msomaji, Kilwa Kisiwani yetu ndiyo iliyotiwa humo, haikutoka mpaka mwaka 2014. Twayataja haya ili ijulikane kuwa urithi haujilindi wenyewe, si kwao wala si kwetu. Aliyeulinda ni yule aliyechukua mwiko na udongo.

NYUMBANI KWA MAMA MKUBWA

Kukutana kwa wazee wetu wawili hatutakueleza kwa maneno mengi. Mkubwa alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yake huko Sib tangu alfajiri. Walishikana mikono wakatazamana, wala hakuna aliyesema kitu kwa muda mrefu. Kisha mkubwa akasema, "Umekonda, mwanangu," kana kwamba mdogo wake bado ni mtoto wa chuoni.

Siku 8 hizo ndizo zilizokuwa mapumziko yetu. Tulikula biriani, na nyama ya shuwa, iliyopakwa viungo ikafungwa, ikazikwa katika shimo la moto usiku kucha. Vijana walitupeleka barabarani kula kitu walichokiita mishkak, nasi tukakicheka kwani ni mishkaki yetu ile ile ya Kariakoo. Haluwa haikukauka sinia. Wajukuu wa mama mkubwa walikuwa wakisikia Kiswahili, lakini walijibu kwa Kiarabu. Watoto wetu walikuwa wakisoma Kiarabu chuoni, lakini hawakuweza kuomba maji. Siku ya tatu walikwisha kupatana kwa mchanganyiko wao wenyewe, wakicheza karata mpaka usiku.

Msikitini mwanetu aliona kuwa imamu na wengi wa maamuma waliiachia mikono yao ubavuni, wala hawakuitika amin kwa sauti kama tufanyavyo sisi Mashafii. Alirudi na maswali. Mama mkubwa alimjibu mbele ya sote: "Niliolewa na Muibadhi miaka 40 mpaka alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tumegombana kwa chumvi ya mchuzi, tumegombana kwa watoto. Kwa ajili ya mikono katika sala hatujagombana hata siku moja." Twatamani jibu hilo lifike katika misikiti yetu yote.

Usiku wa mwisho kabla ya kuondoka, wazee walikuwa wamelala chali juu ya mkeka wakikumbushana mambo ya zamani. Tukamhadithia mama mkubwa tulivyoiona ngome ya Nizwa, na buruji lake, na mifereji ya tende, na Bahla ilivyotengenezwa. Alisikiliza yote. Kisha akageuza uso akauliza:

"Na kaburi la baba pale Mbwamaji, bado lipo?"

Mama akatutazama sisi. Nasi tulitazama mkeka.

Ndugu wasomaji, kutoka mlangoni petu mpaka Mbwamaji si mwendo wa saa nzima kwa bajaji. Tumekaa Kigamboni miaka 19. Tulikuwa tumesafiri kilomita 4,000 kwenda kutazama mawe ya watu, tukapima upana wa ngome zao, tukahesabu matundu yake. Na jiwe lililo kichwani pa babu yetu hatukujua kama limesimama au limelala. Mama alisema kwamba tangu miguu ilipoanza kumwuma alikuwa akingoja tumpeleke, nasi kila mara tulimwambia, "Ijumaa ijayo." Mama mkubwa hakutulaumu. Alituambia tu alama: mbuyu, na nyuma ya mbuyu hatua 20 kuelekea baharini.

MBWAMAJI

Tulirudi Jumanne. Ijumaa tulikwenda.

Njia ni ile ya Mjimwema, hata Gezaulole, kijiji kilichojulikana sana katika siku za ujamaa, na jina lake kwa Kizaramo ni kama kusema "jaribu uone". Pwani yake ndiyo Mbwamaji. Kabla Seyyid Majid hajaanza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, Mbwamaji ilikuwa tayari mji wa biashara, ukipokea misafara kutoka bara na vyombo kutoka baharini. Leo yako magofu ya msikiti na makaburi ya kale ya mawe, na kuyazunguka kuna mashamba, nyumba mpya na viwanja vilivyouzwa. Watoto wa shule zetu hupita karibu yake wakienda kuogelea.

Mzee mmoja wa hapo alituongoza. Mbuyu tuliuona. Nyuma yake hatua 20 palikuwa msitu wa miiba, tukaukata kwa mapanga sisi na watoto, mama akiwa amekaa juu ya kiti tulichomchukulia. Kaburi lilikuwapo. Shahidi la kichwani lilikuwa limesimama, la miguuni lilikuwa limeanguka na kufunikwa na udongo. Na mbali kidogo, kama hatua 10, tulikuta kigingi cha saruji kilichotiwa rangi nyekundu, alama ya wapima viwanja.

Mzee yule alituambia kwamba walionunua hapo hawakuwa watu wabaya. Waliona msitu, wakauliza wenyewe ni nani, hapakuwa na mtu wa kujibu. Neno hili lilituuma kuliko kama angesema wamepora.

Tulikwenda ofisi ya mtaa. Tuliambiwa tulete majina ya jamaa wote wenye maiti wao pale, na ushahidi wa wazee, ili eneo la makaburi lijulikane na lipimwe mipaka. Hatukukusudia kujenga kuba wala kupamba, kwani sheria yetu haituelekezi kupamba makaburi. Tulitaka yasikanyagwe wala yasijengewe nyumba juu yake. Mpaka tunapoandika haya tumepata jamaa 7. Kazi haijesha, wala hatujui itakwishaje.

Tulimpelekea mama mkubwa picha ya kaburi kwa simu. Jibu lake lilikuja kwa sauti yake usiku ule, naye alimshukuru Mwenyezi Mungu, akatuombea dua, akamtaja kila mtoto kwa jina. Halafu akanyamaza kidogo akauliza: "Na la mama yake baba je? Lilikuwa upande wa kulia." Hatukuliona. Ijumaa ijayo twarudi na mapanga.

NENO LA MWISHO

Turudi basi kwenye suala tuliloanza nalo. Yafaa Mwislamu kwenda kupumzika nchi ya mbali? Sisi twasema yafaa, ikiwa deni limelipwa, zaka imetolewa, na Hija haikusukumwa nyuma kwa ajili ya hodhi la kuogelea. Na Omani ni katika nchi zinazomfaa Mwislamu wa pwani yetu: atasali bila ya taabu, atakula bila ya shaka, na atasikia Kiswahili sokoni. Mwenye ndugu huko na aanze kwa ndugu. Anasa yao ni nzuri, lakini anasa hupatikana kila mahali penye fedha. Jambo walilonalo ambalo fedha peke yake hailipati ni kwamba wamejenga jipya bila ya kulifukia la zamani, na mtoto wao aweza kuonyeshwa kwa kidole mahali babu yake alipoteka maji.

Walakini, kabla hujakata tikiti, uliza nyumbani kwako: wako wapi waliotutangulia, na nani amekwenda kuwatazama mwaka huu? Ukikosa jibu, safari yako ya kwanza si ya ndege. Ni ya bajaji, na panga, na kiti cha kumkalisha mama.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe sisi na ninyi kuunga udugu, awarehemu waliotangulia. Amin.